Sefeidi: Nyota zinazodunda na siri ya kupima umbali wa anga

MTU anayesimama ufukweni usiku, iwe Tanga, Bagamoyo au Kilwa, huona taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta baharini. Nyingine huonekana kali, nyingine hafifu. Kwa kutazama tu, mtu huyo hawezi kusema kwa hakika kama taa hafifu ni karabai iliyo mbali sana au ni kibatari kilicho karibu.

Wataalamu wa falaki, elimu ya nyota na sayari, walikabiliwa na tatizo hilohilo kwa maelfu ya miaka. Nyota inayoonekana hafifu inaweza kuwa ndogo na jirani, au inaweza kuwa kubwa kupindukia lakini ipo mbali mno.

Mambo yangekuwa mepesi iwapo mtu yule wa ufukweni angehakikishiwa kuwa kila chombo kimebeba karabai ya nguvu ileile. Hapo kanuni moja ya fizikia ingemtosha. Taa ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtazamaji hupungua hadi robo. Ikiwa mbali mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Kwa kupima mwanga unaomfikia, angekokotoa umbali wa kila chombo bila kupanda mtumbwi.

Angani zipo taa za namna hiyo. Ni nyota ziitwazo Sefeidi, ambazo hutanuka na kusinyaa mithili ya moyo unaodunda, na kila zinapofanya hivyo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpango usiobadilika. Mapigo hayo ndiyo yanayofichua nguvu halisi ya taa, na kwa njia hiyo umbali wake.

Kwa zaidi ya miaka 100 sasa, Sefeidi zimekuwa msingi wa vipimo vya ulimwengu. Ndizo zilizothibitisha kuwa zipo galaksi nyingine nje ya hii yetu, na ndizo zilizo katikati ya ubishi mkubwa wa sayansi ya leo kuhusu kasi ya kutanuka kwa ulimwengu.

Kijana asiyesikia aliyeiona nyota isiyotulia

Habari za nyota hizi zilianzia katika mji wa York, Uingereza, mwaka 1784. Huko waliishi marafiki wawili, Edward Pigott na John Goodricke, waliokuwa na mazoea ya kuchunguza anga kila usiku ulipokuwa mweupe.

Goodricke, kijana ambaye hakuwa na uwezo wa kusikia, aligundua kuwa nyota moja katika kundi liitwalo Kifausi kwa jina lenye asili ya Kiarabu, na Cepheus kwa Kilatini, ilikuwa ikibadilika mwanga. Nyota hiyo, Delta Cephei, huongezeka mwanga kwa haraka, kisha hufifia polepole, na kurudia mzunguko huo kila baada ya siku tano na saa tisa hivi. Ni kutokana na jina la kundi hilo kwamba nyota zote za aina hii ziliitwa Sefeidi.

Majuma machache kabla yake, Pigott alikuwa amegundua nyota nyingine ya aina hiyo, Eta Aquilae, iliyo katika kundi la Ukabu. Hii huchukua siku saba na saa kadhaa kukamilisha pigo moja.

Goodricke alifariki dunia mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 21 tu. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini nyota hizo zilibadilika, wala kwamba zingekuja kuwa na manufaa yoyote.

Kwa nini nyota hudunda

Maelezo yaliyokubalika yalipatikana katika karne ya 20. Yanafanana na jambo linaloonekana kila siku jikoni. Sufuria iliyofunikwa inapochemka, mvuke hujikusanya chini ya mfuniko hadi kuunyanyua. Mvuke ukishatoka, mfuniko hushuka, kisha mvuke hujikusanya tena.

Ndani ya Sefeidi, kazi ya mfuniko hufanywa na tabaka la gesi ya heli. Tabaka hilo linapobanwa na kupata joto, atomi za heli hupoteza elektroni na gesi huwa nzito kupenywa na mwanga. Joto linalotoka kiini cha nyota hunaswa chini yake na kulisukuma nje, na nyota hutanuka.

Inapotanuka, gesi hupoa, elektroni hurudi, na mwanga hupata upenyo wa kutoka. Msukumo ukipungua, uzito wa nyota hulirudisha tabaka ndani, na mzunguko huanza upya. Mwanasayansi wa Uingereza, Arthur Eddington, ndiye aliyetangulia kueleza kuwa lazima ndani ya nyota kuna kitu kinachofanya kazi kama vali ya injini.

Ukubwa wa nyota ndio unaoamua mwendo wa mapigo. Kama ngoma kubwa inavyotoa mlio mzito na ngoma ndogo mlio mwembamba, nyota kubwa hudunda taratibu na ndogo hudunda haraka. Na kwa kuwa Sefeidi kubwa ndiyo yenye mwanga mwingi, mapigo ya taratibu huwa dalili ya mwanga mwingi.

Senti 30 kwa saa

Aliyegundua uhusiano huo hakuwa profesa, bali mfanyakazi aliyelipwa senti 30 za Marekani kwa saa. Henrietta Swan Leavitt, aliyezaliwa mwaka 1868 katika jimbo la Massachusetts, alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa na Kituo cha Falaki cha Chuo Kikuu cha Harvard kuchambua picha za anga. Wanawake hao hawakupewa nafasi ya kutumia darubini. Kazi yao ilikuwa kukaa mezani, kuhesabu na kupima vitone vya nyota kwenye vioo vya picha.

Leavitt, ambaye naye uwezo wake wa kusikia ulipungua sana, alikabidhiwa picha zilizopigwa Arequipa, nchini Peru, zikionyesha Mawingu ya Magellan. Hayo ni makundi mawili makubwa ya nyota yanayoonekana katika anga ya kusini. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mwanga ndani ya mawingu hayo. Kwa nyota 16 aliweza kupima muda wa mapigo, na akadokeza kuwa zile zenye mwanga mkali zaidi zilikuwa na mapigo ya muda mrefu zaidi.

Mwaka 1912 alirejea na nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan. Iliyodunda haraka kuliko zote ilichukua siku moja na robo. Iliyochelewa zaidi ilichukua siku 127. Alipozipanga kwenye mchoro, zilijipanga karibu katika mstari ulionyooka. Taarifa hiyo ilitolewa kwa saini ya mkuu wa kituo, Edward Pickering, ingawa ilieleza katika sentensi yake ya kwanza kuwa imeandaliwa na Leavitt.

Uzito wa ugunduzi huo ulitokana na mahali nyota hizo zilipokuwa. Mtu anayetazama taa za mji ulio ng'ambo ya ziwa anajua kuwa zote zipo karibu umbali mmoja kutoka kwake. Taa inayoonekana kali kuliko nyingine ni kali kwelikweli. Vivyo hivyo, nyota zote za Wingu Dogo zipo takriban umbali mmoja kutoka duniani, hivyo tofauti ya mwanga iliyoonekana ilikuwa tofauti halisi.

Kwa vipimo vya leo, Sefeidi inayodunda kila siku tatu hutoa mwanga takriban mara 1,000 ya Jua. Inayodunda kila siku 30 hutoa takriban mara 10,000. Mtaalamu huhitaji tu kuhesabu siku za pigo moja ili kujua nguvu halisi ya taa, kisha huilinganisha na mwanga unaofika duniani, na umbali hupatikana.

Leavitt alifariki kwa saratani Desemba 1921. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, aliandika barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, bila kujua kuwa mama huyo alikuwa amekwisha kuaga dunia. Tuzo hiyo haipendekezwi kwa marehemu.

Futikamba isiyo na tarakimu

Hata hivyo, ugunduzi wa Leavitt ulikuwa kama futikamba ambayo haijaandikwa tarakimu. Ulionyesha kuwa nyota fulani ipo mbali mara mbili au mara kumi kuliko nyingine, lakini haukusema ni umbali gani hasa. Ilibidi apatikane mtu wa kupima walau Sefeidi chache kwa njia nyingine.

Njia ya msingi ya kupima nyota za jirani inaitwa paralaksi. Mtu akinyoosha mkono na kukitazama kidole gumba kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, kidole huonekana kuhama. Wanafalaki hufanya hivyo kwa kuitazama nyota leo na kuitazama tena baada ya miezi sita, dunia inapokuwa upande wa pili wa Jua, umbali wa kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa.

Friedrich Bessel wa Ujerumani alifanikiwa kupima nyota kwa njia hiyo mwaka 1838. Afrika nayo ilikuwa na sehemu yake, kwani vipimo vya nyota jirani ya Alpha Centauri vilichukuliwa na Thomas Henderson katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833, na vikachapishwa mwaka 1839. Nyota hiyo ipo umbali wa miaka ya nuru zaidi kidogo ya minne. Mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna Sefeidi iliyokuwa karibu kiasi cha kupimika kwa vyombo vya wakati huo. Mwaka 1913 Ejnar Hertzsprung wa Denmark alitumia mwendo wa Sefeidi 13 angani kukadiria umbali wake. Harlow Shapley wa Marekani aliendeleza kazi hiyo, na kufikia mwaka 1918 alikuwa amebaini kuwa Jua haliko katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, kama ilivyodhaniwa, bali lipo mbali kuelekea pembeni.

Shapley aliamini pia kuwa Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu wote. Aprili 1920 alibishana hadharani mjini Washington na Heber Curtis, aliyeshikilia kuwa vile vilivyoitwa "mawingu ya mzunguko" ni galaksi nyingine zinazojitegemea. Ubishi huo haukupata mshindi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kipimo.

Kipimo kilipatikana Oktoba 1923. Edwin Hubble, akitumia darubini yenye kioo cha meta 2.5 katika Mlima Wilson, California, alipiga picha ya Andromeda na kuona kitone alichodhani ni nyota iliyolipuka. Alipolinganisha na picha za zamani, alikuta kitone hicho kilikuwa kikipanda na kushuka mwanga. Alifuta herufi aliyokuwa ameiandika kwenye kioo na badala yake akaandika kuwa ni nyota inayobadilika.

Ilikuwa Sefeidi yenye pigo la siku 31 na ushei. Kwa hesabu za Hubble, Andromeda ilikuwa umbali wa miaka ya nuru karibu 900,000, mbali mno kuwa sehemu ya Njia Nyeupe. Cecilia Payne, mwanasayansi aliyekuwapo Shapley alipopokea barua ya Hubble, alisimulia baadaye kuwa Shapley alimwonyesha barua hiyo akisema kuwa ndiyo iliyouvunja ulimwengu wake.

Kosa lililomfanya mtoto amzidi mama umri

Mwaka 1929 Hubble alionyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyokwenda kwa kasi zaidi kutujia kinyume. Huo ukawa ushahidi wa kutanuka kwa ulimwengu. Kwa kurudisha hesabu nyuma, wataalamu waliweza kukadiria ulimwengu ulianza lini.

Jibu lilileta fadhaa. Ulimwengu ulionekana kuwa na umri wa miaka takriban bilioni mbili, ilhali kufikia miaka ya 1940 wanajiolojia walikuwa na vipimo vya miamba vilivyoonyesha kuwa dunia ina umri mkubwa kuliko huo. Mtoto alikuwa amemzidi mama.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa Walter Baade, Mjerumani aliyefanya kazi Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa za Los Angeles zilipozimwa kwa hofu ya mashambulizi, anga ya Mlima Wilson iliingia giza zuri. Baade alitumia nafasi hiyo kuichunguza Andromeda na kugundua kuwa nyota zipo za vizazi viwili, changa na kongwe.

Baada ya vita, darubini mpya ya Palomar yenye kioo cha meta tano ilitarajiwa kuziona katika Andromeda nyota za aina ya RR Lyrae, ambazo hudunda kwa muda usiofika siku moja. Hazikuonekana. Baade alihitimisha kuwa galaksi hiyo ipo mbali zaidi ya ilivyodhaniwa. Watangulizi wake walikuwa wamechanganya nyota changa na kongwe katika kipimo kimoja, ilhali nyota hizo hazina mwanga sawa hata zikiwa na mapigo sawa. Karabai na kibatari vilikuwa vimewekwa katika hesabu moja.

Baade alitangaza matokeo hayo Roma mwaka 1952, katika mkutano wa wanafalaki wa dunia. Uthibitisho ulitolewa papo hapo na David Thackeray wa Kituo cha Radcliffe, Pretoria, ambaye pamoja na mwenzake Adriaan Wesselink alikuwa ameziona nyota za RR Lyrae katika Mawingu ya Magellan, zikiwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Umbali wa galaksi zote uliongezwa takriban maradufu, na umri wa ulimwengu nao ukaongezeka. Leo Andromeda inajulikana kuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na ulimwengu unakadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8.

Kisa hicho kilifunza jambo ambalo wanafalaki hawajalisahau. Vipimo vya anga ni kama ngazi. Paralaksi hupima nyota za jirani, Sefeidi hupima galaksi zilizo karibu, na milipuko ya nyota iitwayo supanova hupima zilizo mbali zaidi. Kipago cha chini kikiteleza, vyote vya juu huteleza navyo.

Ubishi wa leo

Ndiyo maana fedha nyingi na miaka mingi vimetumika kukaza vipago hivyo. Darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, ilikuwa na jukumu kubwa la kutafuta Sefeidi katika galaksi nyingine. Mwaka 1994 ilizipata katika galaksi ya M100, iliyo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 50.

Mwaka 2001 kundi lililoongozwa na Wendy Freedman lilitangaza kuwa ulimwengu hutanuka kwa kasi ya kilomita 72 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Kundi jingine, la Adam Riess, mmoja wa washindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2011, lilitoa hesabu makini zaidi mwaka 2022 na kupata 73.

Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kumaliza kazi ya kupima Januari 2025, kilipima paralaksi za nyota zaidi ya bilioni moja, zikiwamo Sefeidi nyingi. Kwa mara ya kwanza futikamba ya Leavitt ilipata tarakimu zinazoaminika.

Lakini ipo njia ya pili. Chombo cha Planck kilipima mwanga wa kale uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka takriban 380,000. Kwa kutumia nadharia iliyopo, wataalamu walikokotoa mwaka 2018 kuwa kasi hiyo inapaswa kuwa 67.4, si 73.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ni kubwa kuliko kiasi cha makosa ambacho kila upande unakiri kuwa nacho. Iwapo Sefeidi zinasema kweli, basi kuna jambo kuhusu ulimwengu ambalo nadharia ya sasa hailijui. Iwapo zinadanganya, basi lipo kosa lililojificha katika ngazi, kama lile la kabla ya Baade.

Wenye shaka walitaja vumbi la angani linalopunguza mwanga, na msongamano wa nyota unaofanya mwanga wa Sefeidi uchanganyike na wa jirani zake. Darubini ya Webb, iliyorushwa Desemba 2021, huona mwanga wa infraredi unaopenya vumbi, tena kwa makini zaidi. Vipimo vya kundi la Riess vilivyochapishwa mwaka 2023 na 2024 vilionyesha kuwa msongamano hauwezi kueleza tofauti hiyo. Kwa upande wake, kundi la Freedman lilitumia Webb kupima kwa nyota za aina nyingine pia na kupata takriban 70, katikati ya pande mbili. Ubishi haujaisha.

Zinavyoonekana kutoka Afrika Mashariki

Wakazi wa Afrika Mashariki wana bahati ya kuwa karibu na ikweta, mahali ambapo anga za kaskazini na kusini huonekana zote. Kati ya Novemba na Januari, mapema usiku, Mawingu ya Magellan huonekana upande wa kusini kama vipande viwili vya wingu visivyopeperushwa na upepo. Huhitaji giza, hivyo mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi hana budi kutoka nje ya mji. Kadiri mtu alivyo kusini zaidi, mfano Songea au Mtwara, ndivyo yanavyopanda juu.

Nyota ya Kaskazini, iliyotumiwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi kujua wamefika wapi katika safari za kuelekea Uarabuni, nayo ni Sefeidi. Hudunda kila baada ya siku nne hivi, ingawa mabadiliko yake ni madogo mno kwa macho matupu, na kwa walio kusini ya ikweta hubaki chini ya upeo.

Eta Aquilae, ile ya Pigott, hupita karibu na utosi mwezi Agosti na Septemba, si mbali na nyota angavu ya Altair. Haihitaji darubini. Mtu akiilinganisha na nyota za jirani zisizobadilika kila usiku kwa wiki mbili, ataiona ikififia na kupata mwanga tena, na ataweza kuhesabu mwenyewe siku za pigo lake.